Nge na msimu wa joto: maswali ninayoulizwa kwenye benchi la zahanati

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu Mtwara, msimu wa kuumwa na nge nao umeanza. Kuanzia Oktoba benchi langu halikosi mtu aliyeshika kidole huku anauma meno. Wakubwa wengi wanapona. Wanaoninyima usingizi ni watoto wanaoletwa wamechelewa.

Nge ni mdudu gani hasa?

Ana miguu minane, magando mawili mbele, na mkia wenye mwiba wa sumu. Ni ndugu wa buibui na kupe. Hatagi mayai, huzaa watoto hai na kuwabeba mgongoni mpaka wajivue gamba la kwanza.

Mbona wanazidi wakati wa joto?

Nge hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Penye ubaridi anazubaa shimoni na anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, mwili wake hutumia chakula mara mbili au zaidi, kwa hiyo hana budi kutoka kuwinda, na anawinda usiku. Joto hilohilo ndilo linalowatoa ninyi ndani mkatandika mkeka uwanjani. Mnakutana hapo. Kunako mashamba ya korosho ni mchana: mkono unaingia chini ya majani makavu kuokota, au gunia lililolala chini linabebwa bila kukung'utwa.

Nimemfuga nge kwenye kopo. Ni kweli joto linampunguzia maisha?

Aliniuliza kijana mmoja, na swali lake ni zuri. Ndiyo, ni kweli. Ulaya na Marekani watu huwafuga kwenye masanduku ya kioo, hata nge wakubwa wenye magando mekundu waliotoka hapahapa Tanzania. Akiwekwa kwenye joto la juu na kulishwa sana, anakua haraka, anajivua gamba mapema, anafikia utu uzima mapema na kufa mapema. Akiwa kwenye joto la wastani anakua polepole na anaishi zaidi. Nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, anayependwa sana na wafugaji hao, huwekwa kwenye nyuzi kama 25 hadi 30 na huishi miaka 6 hadi 8. Kopo lililoachwa juani dirishani litamuua mchana mmoja.

Lakini mwanangu, nyumba hiyo ina mdogo wako wa miaka mitatu. Kopo linadondoka, kifuniko kinafunguka. Mtoe leo, mpeleke porini, na usimshike kwa mkono.

Nge mkubwa ndiye mwenye sumu kali?

Mara nyingi ni kinyume. Mwenye magando manene na mkia mwembamba huumiza, ila sumu yake kwa kawaida si kali. Mwogope zaidi mwenye magando membamba na mkia mnene. Hata hivyo usikae na kibatari kumpima nge huku mtoto analia.

Mtu kaumwa. Nianze na nini?

Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa cha maji baridi. Vua pete, bangili na shanga kabla hapajavimba. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Mkono au mguu huo utulie. Basi.

Kwetu tunachanja na wembe kwanza, halafu tunafunga kamba. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Sumu haitoki kwa chale. Haitoki kwa kunyonya. Haitolewi na jiwe jeusi, wala mafuta ya taa. Kamba inazuia damu na mkono unaweza kuharibika. Nimempokea mtoto saa mbili asubuhi ana chale saba juu ya kisigino, zimepakwa majivu, na alama ya kamba imezama chini ya goti. Mate yalikuwa yanamchuruzika hadi kwenye kanga ya mama yake, macho yanacheza huku na huku. Aliumwa saa tatu usiku. Nawaheshimu bibi zetu, lakini saa zote hizo zilipotea kwenye wembe.

Mtoto kaumwa usiku, kalia, kisha kalala. Si tungoje kukuche?

Hapana. Mtoto mdogo mwili wake ni mdogo, na sumu iliyompata ni ileile ambayo ingempata baba yake. Usingoje kukuche.

Mlete hata kama ametulia. Na ukiona anatoka jasho jingi, anatapika, mate yanamjaa, viungo vinashtukashtuka, macho hayatulii au anahema kwa shida, kila dakika ina kazi. Kulala kwake si dalili ya kupona. Huenda amechoka, huenda anazidiwa, na wewe gizani hutajua ni lipi. Usingoje kukuche.

Na mtu mzima?

Wengi huumia saa kadhaa, pengine ganzi ikabaki siku moja au mbili, kisha basi. Akiona dalili nilizotaja, au ana mimba, au ana ugonjwa wa moyo, naye aje.

Zahanati yenyewe haina dawa ya nge. Nikija mtanifanyia nini?

Hili ndilo neno linalowabakiza watu nyumbani. Kinachoua ni pumzi na moyo kushindwa, na hivyo viwili ndivyo tunavyovilinda. Tunachoma sindano ya ganzi penye maumivu, tunaondoa mate yanayoziba koo, tunahesabu pumzi na mapigo kila baada ya muda mfupi, tunaweka dripu ikibidi, na tunaita gari la kumpeleka hospitali kwenye oksijeni wakati bado ana nguvu za kufika. Mtoto akishafikia kukoroma njiani kwenye boda, nafasi ya hayo yote imepungua.

Namba ya dereva wa boda anayekubali safari za usiku iandikeni kwa mkaa ukutani, mahali ambapo hata anayeshinda na watoto mkiwa shambani ataiona.