Kabla hujanunua kompyuta nyingine, fungua hiyo uliyonayo

Kiangazi kikikolea hapa Tabora, karakana yangu hujaa kompyuta za mezani zenye ugonjwa mmoja: zinachelewa kuwaka, zinaunguruma, halafu zinajizima zenyewe. Nyingi ni mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex na HP, na bado zina miaka ya kazi mbele yake. Kinachotakiwa ni kuzisafisha na kubadilisha diski. Hilo unaliweza nyumbani kwako, ilimradi uuheshimu umeme.

Kuzima hakutoshi. Kompyuta iliyozimwa ikabaki kwenye soketi bado inapeleka volti 5 kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Chomoa waya kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi. Sasa unaweza kushika bisibisi. Pawasaplai, lile boksi la bati linalopokea waya wa ukutani, usilifungue kamwe. Kapasita zake, vifaa vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Ikifa, inabadilishwa nzima. Na kama mashine imetoka Marekani, angalia nyuma: baadhi zina swichi ndogo nyekundu ya volti 115 na 230. Umeme wetu ni wa 230. Ukiichomeka ikiwa kwenye 115, pawasaplai inalipuka.

Hatari nyingine haionekani. Hewa ya kiangazi ni kavu, na mwili unajikusanyia chaji kwenye zulia au sweta. Ile cheche unayoisikia kidoleni ni volti elfu kadhaa. Chipu inaweza kufa kwa pungufu ya hapo, wala usihisi kitu. Fanyia kazi kwenye meza ya mbao, na uguse bati tupu la kasha kabla ya kushika chochote, kisha urudie kila ukiinuka na kurudi.

Vumbi litolee barazani, kwa brashi laini ya rangi. Lile baya liko chini ya feni ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, kati ya mabati membamba, limeshikana kama blanketi. Hapo ndipo joto linakwama na mashine kujizima. Ukitumia bloa, izuie feni kwa kidole isizunguke, maana ikipelekwa mbio na upepo beringi inaumia.

Sasa diski. Mama mmoja mwenye stationari Isevya aliniambia, "Mwanangu, niongezee RAM, hii imechoka." Tulipofungua, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ilikuwa GB 8, inamtosha kabisa kuchapa barua na vyeti. Iliyochoka ni hadidiski, ambayo sahani zake huzunguka mara 7,200 kwa dakika huku kichwa kikihangaika kutafuta faili. SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka. Tulihamisha kazi zake kwanza kwenye diski ya nje, tukafunga SSD kwa waya zilezile za SATA zinazounganisha diski, na wateja wake wa asubuhi hawasubiri tena. Ndiyo maana nasema, kama una GB 8, pesa yako ianzie kwenye SSD.

Kama RAM ni GB 2 au 4, hapo ongeza. Lakini ichomoe ya zamani uipige picha lebo yake kabla ya kuagiza Kariakoo. RAM ya aina ya DDR3 ina pini 240, ya DDR4 ina 288, na pengo la katikati halikai mahali pamoja, kwa hiyo haziingiliani. Ukikosea, kifurushi kinarudi Dar kwa basi na nauli ni yako. Usiilazimishe kuingia, ikiwa sahihi, ukiibonyeza sawasawa klipu zinajifunga kwa mlio.

Uliza pia umri wa prosesa kabla ya kutumia pesa nyingi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inayoirithi haizikubali rasmi prosesa za Intel Core zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache.

Ukimaliza, iwashe mara moja kabla ya kufunga skrubu zote. Ikipiga milio bila picha, mara nyingi RAM haijakaa vizuri: zima, chomoa waya, itoe uirudishe.