Wino wa gazeti hauui miche

Hapa Tanga wapo wakulima wa bustani wanaoamini kwamba viriba vya magazeti, yaani vifuko vya kuoteshea miche, huitia miche sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye wino, na kwa hofu hiyo hurudia viriba vya plastiki. Hofu yenyewe ina chimbuko, kwa kuwa zamani herufi za chapa zilisubiwa kwa madini ya risasi na baadhi ya rangi za wino zilikuwa nayo. Wino mweusi wa magazeti ya leo, hata hivyo, ni masizi laini ya kaboni yaliyochanganywa na mafuta, yakiwemo ya soya. Karatasi za majarida zinazong'aa ni afadhali ziachwe, kwani haziozi upesi.

Kinachodhoofisha mche wa nyanya au mpapai, kwa maoni yangu, mara nyingi ni ukingo wa karatasi unaobaki wazi juu ya udongo: hunyonya maji kutoka kwenye mizizi kama utambi wa koroboi, na upepo wa pwani huyakausha. Kwa hiyo, wakati wa kuhamishia shambani, loanisha kiriba, chana ukingo huo, kisha ufukie sehemu yote iliyobaki.