Mtazame mdomo kwanza, chambo baadaye

Kazi yangu ni kuwapeleka watu kuvua kwa mshipi hapa Georgia, Marekani. Boti haijashushwa bado, mgeni ameshauliza: leo tunatumia chambo gani? Huwa simjibu. Nasubiri samaki wa kwanza apande, namfungua mdomo, namwambia tazama.

Mwenye jimbo ni besi mdomo-mpana, samaki rasmi wa Georgia. Tarehe 2 Juni 1932, mkulima kijana George Perry alimvua mmoja kwenye Montgomery Lake, pembeni ya mto Ocmulgee: ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 hivi. Akapimwa, akapelekwa nyumbani, akaliwa. Hakuna aliyemfikia Perry mpaka 2009, Manabu Kurita alipovua wa uzito huohuo kule Japani. Watu wa Naivasha nao wanamjua besi. Alipandikizwa ziwani kwao tangu enzi za ukoloni.

Lakini kwenye ziwa Lanier utakayemkuta zaidi ni binamu yake, besi-madoa. Mfunge mdomo: taya likipita jicho kwa nyuma, huyo mdomo-mpana, likiishia chini ya jicho, huyo madoa. Ukibaki na shaka, pitisha kidole gumba juu ya ulimi. Wa madoa ana baka dogo linalokwaruza kama msasa. Wote wawili hawatafuni: mdomo unafunguka ghafla, maji yanaingia pamoja na windo. Ndiyo maana mnyoo wa plastiki unaozama polepole kando ya kisiki unawaponza.

Krapi, samaki mwingine wa huku, ni tofauti. Mdomo wake ni karatasi tupu, ukivuta kwa pupa unachanika na kitoweo kimekwenda. Mpe kisamaki hai karibu na miti iliyozama, Februari na Machi, kisha mwinue taratibu.

Ukiwa na watoto, tafuta samaki mdogo aitwaye blugili. Aliyekulia jirani na bwawa la perege atavitambua vishimo vyake vya duara vya kutagia kwenye maji ya kina kifupi. Kidomo chake ni kama tundu la kifungo, basi ndoano iwe ndogo, na kipande cha nyungunyungu au nyenje kinatosha.

Kambare wa kawaida wa huku anaonja kwa sharubu, na maini ya kuku yaliyoanza kunuka anayafuata gizani. Kambare kichwa-bapa yeye anataka windo hai. Katika mto Satilla ni mvamizi anayewamaliza samaki wenyeji, hata wataalamu wa jimbo wanamtoa kwa boti zinazopitisha umeme majini. Nikimpata huko simrudishi.

Ila mshike kwa adabu. Ana mwiba mgongoni na mmoja kila ubavu, na kiganja changu cha kushoto kina kovu la siku niliyokuwa nikipiga soga. Pitisha mkono chini ya tumbo, vidole vikae nyuma ya miiba ya ubavuni, ndipo utoe ndoano.