Je, wajua ni nani hasa anayeondoa programu kwenye kompyuta yako?

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kuondoa programu kwenye kompyuta ya Windows ni kufuta folda yake ndani ya Program Files. Kabla ya hapo, kwa aibu kubwa zaidi, niliamini kwamba inatosha kufuta ikoni yake kwenye eneokazi. Ikoni ile ni njia ya mkato tu, na ukiifuta, programu yenyewe haina habari. Kosa la folda linavutia zaidi kwa sababu linafanana na busara: nafasi imerudi kwenye diski, lakini jina la programu bado limekaa kwenye orodha ya Mipangilio, na ukijaribu kuliondoa unaletewa ujumbe wa hitilafu.

Kumbe mara nyingi Windows haiondoi chochote kwa mkono wake. Katika rejista, yaani hifadhidata yake ya mipangilio, mna kifungu kiitwacho Uninstall, ambamo kila programu iliyojisajili huacha jina lake na mstari mmoja wa amri. Windows huutekeleza mstari huo, nao huita programu ndogo ya kuondolea, iliyoletwa na mtengenezaji siku ya kusakinisha. Programu hiyo ndogo kwa kawaida hukaa ndani ya folda ileile niliyokuwa nikiifuta kwa bidii.

Mfikirie mwenye nyumba ambaye daftari lake lina jina la mpangaji na namba yake ya simu, basi. Mpangaji ndiye anayejua kwamba, mbali na vyombo vya chumbani, ana gunia la mkaa kwenye stoo ya pamoja na kijana aliyeagizwa kuleta maji kila alfajiri. Siku ya kuhama hupigiwa simu, akakusanya vyake. Mimi nilikuwa nikibomoa chumba pamoja na simu yake: mkaa ukabaki, na alfajiri kijana akabisha hodi. Mkaa ni faili zilizowekwa katika AppData na ProgramData, folda nyingine ambamo programu huweka data zake. Kijana ni kazi zilizoratibiwa, yaani zilizopangiwa wakati wa kujiendesha zenyewe, na huduma zinazojiwasha pamoja na kompyuta.

Hata mpangaji mwaminifu huacha vitu, pengine kwa uzembe, pengine kwa makusudi, ili akirudi akute mipangilio yake. Si programu zote zilizo hivi, hata hivyo: zile za Microsoft Store huondolewa na mfumo wenyewe, na kwa sababu hiyo mabaki yake kwa kawaida ni machache. Ama zana zinazojinadi kusafisha rejista, Microsoft imeeleza kwamba haiungi mkono matumizi yake, na maingizo machache yaliyosahaulika humo ni madogo mno kuidhuru kasi ya kompyuta.

Kwa aliyekwisha kufuta folda, dawa ni ya kuchekesha kidogo: aisakinishe upya programu asiyoitaka, toleo lilelile ikiwezekana, kisha aiondoe kupitia Mipangilio.