SQ3R: mbinu ya kusoma kitabu cha kiada

SQ3R ni mbinu ya kusoma kitabu cha kiada kwa hatua tano: kupitia sura juu juu (kwa Kiingereza Survey), kujiuliza maswali (Question), kusoma (Read), kujisimulia (Recite), kisha kurudia (Review). Aliyeibuni ni Francis P. Robinson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na kitabu chake kilichoieneza kilitoka mwaka 1946.

Tuchukue sura ya Vita vya Maji Maji. Kabla ya kusoma aya hata moja, mwanafunzi apitishe macho kwenye vichwa vidogo, ramani na maswali ya mwisho wa sura. Dakika chache zinatosha. Halafu kila kichwa kidogo akigeuze kuwa swali. "Chanzo cha vita" kiwe: "Watu walichoshwa na nini hasa mpaka wakamvaa Mjerumani mwaka 1905?" Sasa anasoma akitafuta jibu: kulimishwa pamba kwa lazima, kodi, ukatili wa maakida.

Akimaliza sehemu hiyo, afunge kitabu na ajisimulie jibu kwa maneno yake, kwa mdomo au kwenye karatasi. Atataja pamba, atataja kodi, kisha atakwama. Afungue, aone kilichomponyoka, aendelee. Hapa ndipo wengi wanapakwepa, maana kukwama kunaudhi. Ni raha zaidi kupiga mistari ya rangi mpaka ukurasa mzima uwe wa njano.

Lakini hatua hiyo ndiyo yenye kazi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma makala fupi. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, wenzao 42. Ndiyo maana anayekesha na madesa usiku wa kuamkia mtihani hudhani yameingia yote.

Mwalimu anayetaka kuifundisha asiwaandikishe wanafunzi hatua tano kwenye daftari na kuishia hapo, watazikariri tu. Achukue ukurasa mmoja, aunde maswali mbele yao kwa sauti, wasome, kisha aamuru vitabu vifungwe na kila mmoja amsimulie jirani yake. Kwa historia, biolojia au jiografia inafaa sana. Kwa hisabati faida yake ni ndogo. Huko ni kufanya maswali tu.