Kwa nini General Motors iliyaponda magari yake ya umeme?

Mapema 2005, huko Burbank, California, watu walikesha usiku na mchana nje ya uzio wakiyalinda magari 78 ambayo hayakuwa yao. Walikuwa tayari kuyanunua yote kwa dola milioni 1.9. Mwenye mali, kampuni ya General Motors (GM), akakataa. Magari yakapakiwa kwenye malori, yakaenda kupondwa.

Lilikuwa gari la EV1, la umeme mtupu, lililoingia barabarani mwishoni mwa 1996. GM iliunda 1,117 tu, na haikumuuzia mteja hata moja: wateja walikodishiwa tu. Toleo la kwanza lilitumia betri za risasi kama zile tulizozizoea kwenye magari ya kawaida. La pili, la 1999, lilipowekewa betri za nikeli, liliweza kwenda zaidi ya kilomita 160 kwa chaji moja. Waliokuwa nalo walilipenda mno.

Basi kwa nini liuawe? GM ilisema wateja ni wachache na gharama ni kubwa. Gari lenyewe lilisukumwa na sheria ya California ya 1990, iliyotaka asilimia 2 ya magari ya kampuni kubwa yasitoe moshi kabisa ifikapo 1998. Kampuni zilipambana nayo hadi mahakamani, ikalegezwa, na msukumo ukaisha.

Kwangu mimi jibu hasa liko kwenye kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Desemba 1963, Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa chache, yakiwemo magari madogo ya mizigo. Ugomvi wa kuku ulipoa, lakini ushuru wa pikapu ukabaki, wakati gari dogo la abiria kutoka nje likitozwa asilimia 2.5 tu. Kisha sheria ya 1975 ya kupunguza ulaji wa mafuta ikayawekea magari ya mizigo masharti mepesi, na SUV, yaani magari makubwa ya familia yaliyoinuka juu, zikahesabiwa kundi hilo. Kwa hiyo faida nono ya Detroit, mji wa kampuni kubwa za magari za Marekani, ikawa kwenye magari makubwa yanayokula mafuta, nyuma ya ukuta ambao Wajapani waliuvuka kwa shida. Nani angehangaika na gari dogo la umeme? GM ilichukua jina la Hummer, gari kubwa lenye asili ya kijeshi, 1999, na ilipofika 2003 ilikuwa inauza Hummer huku ikizikusanya EV1.

Wakati huo Toyota ya Japani ilikuwa tayari imeanza kuuza kwao, tangu 1997, Prius, gari la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme kwa pamoja.

Julai 2008 pipa la mafuta ghafi likafika dola 147, na petroli Marekani ikapita dola 4 kwa galoni, yaani kama lita 3.8. Pikapu zikakosa wanunuzi. Msukosuko wa mabenki ukafuata, na mikopo ya magari ikakauka. Mwaka huo Toyota ikaipiku GM, iliyoongoza dunia kwa mauzo miaka 77. Chrysler, kampuni nyingine kubwa ya Detroit, ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi 30 Aprili 2009, GM ikafuata 1 Juni. Ford, mwenzao wa tatu, ilinusurika kwa kuwa 2006 ilikopa zaidi ya dola bilioni 23, ikaweka rehani hadi nembo yake.

Sisemi EV1 peke yake ingeiokoa GM, maana kampuni hiyo ilibeba pia mzigo wa pensheni na matibabu ya wastaafu wengi mno. Lakini bosi wake, Rick Wagoner, alikiri 2006 kwamba kuliua gari hilo na kutowekeza vya kutosha kwenye haibridi ndio uamuzi wake mbaya kuliko yote. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi walikuwa nao mkononi, na waliolipia kosa hilo ni mafundi waliopoteza ajira.

Huko Fremont, California, GM na Toyota walikuwa na kiwanda cha pamoja tangu 1984. GM ilijitoa 2009, kikafungwa Aprili 2010, maelfu wakarudi nyumbani. Mwezi uliofuata Tesla, kampuni changa iliyoanzishwa 2003, ilitangaza kukinunua kwa dola milioni 42. Juni 2012 kiwanda hichohicho kikaanza kutoa Model S, gari la umeme mtupu.