Je, wajua? Jiki huvua "kromu" ya gari la modeli kwa sababu si kromu

Bampa na rimu za gari la plastiki la kuunganisha hutoka kwenye boksi ziking'aa kama kioo. Wengi hudhani ile ni kromu, kwa hiyo huikwangua kwa msasa au kuichovya kwenye petroli. Msasa hufuta nakshi ndogondogo. Petroli na asetoni hula plastiki yenyewe.

Ile ni alumini. Kiwandani vipande hupakwa laka (aina ya vanishi), kisha huingizwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa. Humo alumini hupashwa moto hadi iwe mvuke, ukagandia plastiki kama matone yanavyojikusanya chini ya mfuniko wa sufuria. Utando wake ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mng'ao wa ndani ya pakiti ya krispi hutengenezwa vivyo hivyo. Grili ya gari la barabarani ni jambo jingine kabisa: kromu ya kweli juu ya nikeli na shaba, na jiki haiivui hivi.

Aliyechemsha maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini ameona ndani ikifubaa. Magadi ni besi, yaani kinyume cha asidi, na besi humenya ngozi ya oksidi inayoikinga alumini. Sufuria ni nene, hubaki. Jiki nayo ina soda kostiki kidogo, ambayo pia ni besi, iliyotiwa ili isipoteze nguvu upesi, na kwenye utando mwembamba hivyo hiyo kidogo inatosha.

Kuivua kuna maana, kwani gundi ya modeli hushika kwa kuyeyusha plastiki za pande zote mbili. Juu ya mng'ao hushika laka tu, na kipande hung'oka.

Tumia chombo cha plastiki, mimina jiki isiyochanganywa na maji hadi ifunike vipande, na usikaze mfuniko, maana gesi hutoka. Vaa glavu, fungua dirisha, wala usichanganye na siki au amonia: hutoa gesi ya sumu. Mng'ao huisha kwa dakika chache au kwa usiku mzima, kutegemea laka iliyopakwa juu ya alumini, kama ipo. Jiki iliyokaa sana dukani huchelewa.

Suuza. Kikibaki kitu cha manjano kwenye pembe, hiyo ni laka ya chini ya alumini, ambayo jiki haiigusi. Loweka kwenye spiriti ya isopropili kwa saa chache, usugue kwa mswaki laini. Laka nyingine hugoma. Hapo kwangua tu sehemu zitakazopakwa gundi.